Chujio

Nimekamua alizeti Kibaigwa miaka ishirini na mitatu;
mafuta nayajua kwa harufu, hata gizani.
Leo Ndahani wa maabara kainua kichupa dirishani:
juu ya damu, majimaji meupe kama tui.
"Mama Mwaja, hedhi ilikoma lini?"
Mwaka ule mvua ilipokatika Februari.

Estrojeni, akasema, ndiyo iliyokuwa ikilituma ini
kuzoa mafuta mabaya njiani.
Imestaafu bila kuaga,
na kimeng'enya ilichokuwa imekifunga kamba
kimekata kamba, kinatafuna hata mafuta mema.

Nikarudi mashineni. Chujio limeziba.
Nikaligonga kwa nyundo mara tatu, kama kawaida;
mafuta yakatiririka.
Nikabaki nimesimama, nyundo mkononi,
nikijipapasa chini ya mbavu za kulia.