Mhimili wa Saba

Usipoziba ufa utajenga ukuta:
tuliandikishwa hivyo daftarini, mara kumi, kwa kalamu ya risasi.
Gunnvor Eikrem, kwenye pwani ya Trøndelag,
analipwa mshahara ili asizibe.

Nyufa zenyewe zilitiwa kusudi.
Mwaka wa tisini na nne Asbjørn na vijana wake
walifunga mihimili miwili miwili, mgongo kwa mgongo,
wakakaza bolti hata zege likaalika,
ta, kama kifundo cha kidole.
Wakaiteremsha gatini: mingine chini kabisa,
mingine pale maji yanapojaa na kupwa,
mingine juu, penye rasharasha,
ambapo wimbi halikai, hutema tu likaenda zake.

Chumvi haina haraka.
Hupenya upana wa unywele ikiulizia chuma.
Nondo: jina moja na yule mdudu wa taa.
Huyu wa chuma hafuati kinachomuua.
Kinamfuata.

Leo ni Februari, barafu imeganda kwenye ngazi.
Kreni inanyanyua wa saba, umevaa kome na mwani,
maji yakimchirizikia Gunnvor ndani ya glavu.
Msumeno wa almasi. Vumbi la tope. Nusu mbili mezani.
Anapuliza nitrati ya fedha, anasubiri,
na zege linaungama kwa rangi:
palipo salama, kahawia;
ilipofika chumvi, peupe,
peupe pe, kama shuka la hospitali.

Peupe pamefika kwenye nondo na kupita.
Lakini ufa, ule ufa mwembamba, haupo.
Anaupapasa kwa ukucha.
Chokaa imejaa humo, ngumu, imeletwa kidogo kidogo,
nusu kutoka kwenye zege, nusu kutoka baharini,
yule yule mwizi akirudi usiku kukarabati mlango.
Na chuma kina doa moja la kutu, dogo kama dengu.

Hakumwambia mtu. Alikaa kwenye ndoo, akanywa kahawa iliyopoa.

Wa kumi na moja ulikuwa wa juu, ufa wake mpana.
Huo haukuhitaji msumeno.
Kutu ni nene kuliko chuma ilichokila;
ilikuwa imelisukuma zege nje, bamba zima,
na nondo zimekaa wazi, nyembamba katikati
kama penseli iliyotafunwa na mtoto wakati wa mtihani.

Jioni anampigia Asbjørn, kule kwenye nyumba ya wazee.
Jina la Gunnvor limemtoka. Namba hazijamtoka.
“Wa saba?”
“Umejiziba wenyewe.”
Kimya. Redio ya mtu mwingine inasoma hali ya hewa.
“Na wa kumi na moja?”

Dirishani, taa ya gati inayumba.
Feri ya saa kumi na mbili inaegemea ukuta
uliomwagwa mwaka ule ule, mchanganyiko ule ule.

“Bado unabeba,” anasema,
na ni kweli,
na anashika kalamu aandike upana.