Goti la Bi Thinana

Kucha zake hazisemi.
Zimekolea hina, nyekundu inayokaribia weusi,
nami nimefundishwa kubonyeza ukucha
nihesabu damu inachukua muda gani kurudi.
Basi nimemwomba radhi, nimefunua shuka,
nimebonyeza goti.
Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano.
Sita, ndipo alama ya kidole changu inafutika.

Daktari Mwaruwa anaandika.
Lakteti, sita nukta nane.
Presha haisimami bila dawa ya pampu,
na pampu tumeipandisha mara tatu tangu isha.
Mkojo, kijiko. Tena kijiko cha chai.
Mgonjwa haulizwi uji, lakini figo zake zimeulizwa,
ini limeulizwa, damu imeulizwa,
kila kiungo kimeitwa kutoa ushahidi
na hakuna hata kimoja kilichomtetea.
Jumla inaingia kwenye kompyuta.
Kompyuta inazunguka kidogo, inajibu:
sabini na moja kwa mia.

Yote haya, mwiba wa samaki.
Jumatatu, jikoni kwake Kuze, akipaa changu,
mwiba ukaanguka sakafuni, akaukanyaga
kwa mguu wa sukari usiosikia kitu.
Akafunga kitambaa, akaenda zake Majengo
kumpaka hina bibi-arusi.
Alhamisi akatetemeka mpaka meno yakagongana.
Wakasema malaria.
Ijumaa akawa anamwita mumewe,
amuulize kama amefunga mlango wa uani.
Mumewe ana miaka kumi kaburini.

Nje, kwenye benchi, wanawe wawili.
Famau, karani wa makontena Kilindini:
"Nipe namba, sista. Mimi naishi na namba."
Mwanaesha amejiziba masikio kwa pembe za leso:
"Usiitaje. Ikitajwa itajua njia."

Nami katikati yao, na karatasi.
Namvuta Famau kando, namwambia, chukua watu mia
waliolala kama mamako, damu imewachacha kama yake.
Sabini na mmoja, tuliwafunika.
Ishirini na tisa walirudi makwao,
wengine wakilalamika uji wetu hauna sukari.
Namba inawajua hao mia.
Mamako haimjui.

Amenyamaza.
Kisha: "Hao ishirini na tisa, walikuwa na nini?"

Ningejua, Famau, ningekitia kwenye dripu.
Ninalojua ni kwamba mwezi uliopita
kijana wa Miritini alipewa kumi na mbili kwa mia,
akafa adhuhuri, chai yangu ikiwa bado moto.

Na Bi Thinana mwenyewe alikuwa mtabiri.
Alinipaka mimi, siku mbili kabla ya nikahi.
Alikamata viganja vyangu, akavisikiliza joto lake,
akasema, "Dzame, mkono wako wa moto.
Rangi itakaa wiki tatu."
Ilikaa siku tisa.
Nilipomshtakia, alicheka mpaka akakaa kitako:
"Mimi nilitazama mkono, mwanangu.
Masufuria ya mavyaa wako sikuyatazama."

Usiku huu viganja vyake ni baridi
kama sakafu ya msikiti alfajiri.
Tunabadilisha dawa ya vijidudu, tunaongeza maji,
daktari wa upasuaji amekuja, amekata kilichooza kisiginoni, ameondoka bila kusema neno.

Saa kumi na nusu, mfukoni mwa mkojo
mililita ishirini na tano, nyeusi kama chai ya rangi.
Naziandika kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.
Daktari anaingiza upya. Sitini na sita.
Hajui afurahi au asifurahi, anajikuna shingo.
Mwanaesha amelala ameketi.
Famau anapiga hesabu nyuma ya risiti ya dawa,
mia kutoa sitini na sita,
kama mtu atakayeulizwa.

Naosha mikono. Nafunua shuka.
Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Alama imefutika.

Naitazama saa ya ukutani, nabonyeza tena,
polepole zaidi,
isije ikawa ni mimi niliyeharakisha.