Shubiri Moja

Sailensa ya kwanza ilibweka.
Ya pili ilikoroma njia nzima kutoka Medicine Hat,
mngurumo mmoja, bapa, ndani ya fuvu la kichwa,
hata nikasahau nilichotumwa dukani.

Lorne, fundi wa kuchomelea, akauliza:
"Kwani unataka isemeje?"
Kiingereza kikanipotea.
Nikakohoa mbele yake, taratibu,
kama mtu anayesafisha koo
kabla ya neno asilokusudia kulirudia.

Akalala chini ya chuma, tochi mdomoni.
Yeye apima kwa inchi, mimi kwa shubiri.
Tukakata shubiri moja, tukaunga upya,
tukapitisha kipande cha bomba kati ya kulia na kushoto
ili silinda zote nane zivute pumzi pamoja.
Cheche ikatoboa soksi yangu.
Dola mia tisa zikaenda na moshi.

Jumamosi jioni akawasha.

Nene, ya chini, na katikati pana mkwaruzo kidogo.
Sikusema kitu.
Lorne alivua kofia, akajikuna upara, akacheka peke yake.

Sasa ni saa kumi alfajiri, Brooks,
baridi ya kukata masikio,
na zamu ya kiwandani haimsubiri mtu.
Kwa akina Hrynchuk kuna mtoto wa siku sita.

Basi naiacha gia huru, naegemeza bega mlangoni,
naisukuma pikapu juu ya theluji,
viatu vikiteleza,
hadi kule kona, penye sanduku la posta.

Ndipo nawasha.