Mfuko wa Mabungo

Nimeutoa kwenye friza alfajiri,
mabungo yameshikana jiwe,
nikaulaza siniani, dirisha la Kuze li wazi.
Sikuyamwagia maji ya moto:
nje yangevurugika, ndani yakabaki barafu.

Misimu mitatu nakuwekea, Shekue.
Stima ikipotea naivika friza leso,
baridi isitoroke.

Sasa umekuja. Umekaa na simu yako,
wanijibu "ndiyo", wanijibu "la".
Ya Doha sikuulizi.

Jasho la mfuko limejaa sinia.
Karibu na adhuhuri kokwa moja imebanduka;
umeidokoa, umeifyonza,
umekunja uso kama ulivyokuwa mtoto.

"Mama, yamelegea haya."

Yamelegea, naam.
Sukari i pale ulipoiacha.