Ndoo ya Pili

Wateja siwaoni uso. Nawajua kwa mifupa.
Yule wa meza ya dirishani hula upande mmoja tu,
wa pili huuacha umelala juu ya ugali
kama barua asiyotaka kuimaliza.
Kuna anayefyonza jicho, akachokoa kichwa kwa kijiti,
mbuta mzima akabaki kitana:
huyo kalelewa Uyoma, au kalelewa na njaa.

Zamani vyote vilikwenda ndoo moja,
ganda la limau, tishu, mwiba, kichungi cha sigara,
na saa nne usiku mtaro wa nyuma ulivimeza,
ukavitapika ziwani kabla ya adhana.

Kisha akaja Siprosa Nyagweth
na baiskeli isiyo na breki.
"Niwekee mifupa peke yake. Usichanganye na pilipili."
Nikacheka. Samaki aliyekwisha kuliwa ana heshima gani?
Yeye hakucheka. Akaniachia ndoo ya bluu
iliyoandikwa kwa rangi ya kucha: MIFUPA.

Huichoma ndani ya pipa, huko Dunga,
huitwanga kwa kinu cha nyanyake kilichopasuka mdomo,
hufinyanga ule unga na tope
madonge meusi kama ugali wa wimbi,
donge moja chini ya kila mche wa mafunjo,
pale tulipofyeka tukapanda sukumawiki
mpaka ziwa likaja lenyewe kudai shamba lake.

Bosi alipopata habari, taka zikapata bei.
"Ishirini kwa ndoo," akasema Bwana Okuthe,
bila kuinua macho kwenye simu.
Wiki tatu nikalipa kwa bahashishi.
Ya nne sikuwa nazo; nikaibeba mifupa hadi Nyalenda
ndani ya mkoba wangu wa kanisani,
na paka wa mtaa mzima wakanisindikiza
kama bibi harusi.

Sitasema ziwa limepona.
Maji bado ya kijani. Gugu bado linafunga gati
na kulifungua siku lipendayo.
Miche mingine ilikufa, mingine ililiwa na kiboko
ambaye hakuuliza mradi ni wa nani.

Lakini Jumapili Siprosa alinivuta mkono,
tope vifundoni, maji magotini,
akatenga mashina mawili polepole
kama anayechungulia pazia la jirani.
"Tazama. Usipumue."

Walikuwa wadogo kama punje za mchele,
ngege wa juzi, wangali kioo,
na ndani ya kila mmoja uti wa mgongo,
miiba yote, upande huu na upande huu,
uzi kwa uzi.

Mimi, ninayeosha sahani mia mbili kwa siku,
nikaijua ile mifupa mara moja.
Ilikuwa inaogelea.