Beringi Mbili

Pale Birere, Sikuli anazimwaga beringi mezani
kama anayemwaga njugu.
Hii ya Toyota iliyokufa, ile ya mashine ya kusaga,
hii ndogo, ya gurudumu la chukudu.
Mng'aro siutazami. Naizungusha karibu na sikio:
ikitafuna mchanga, nairudisha.
Ikicheza kama jino la mtoto, nairudisha pia.

Nimechukua mbili za koni, zitazamane,
maana upepo wa ziwani hauzungushi tu,
unasukuma.

Nyumbani, juu ya mawe meusi,
mhimili umelala kwenye barafu ya muuza samaki,
beringi inachemka katika mafuta ya mandazi.
"Nyundo weka chini," Kavira anasema.
Inateleza yenyewe.
Tik.

Nakaza nati, kisha nailegeza robo.
Hapo ndipo nilipokosea mwaka jana:
niliikaza kwa hofu,
ikaungua kabla ya mvua.

Sasa mapanga matatu yako juu, na upepo hakuna.
Jivu la mlima linaitafuta grisi.
Kavira anapanda ngazi, anapuliza panga kwa mdomo,
linakwenda,
linakwenda,
chai inapoa, bado linakwenda.