Uma Moja Imebaki Mlimani

Vigingi vya hema vilibaki Cooma, gerejini,
ndani ya ndoo ya buluu, nyuma ya mashine ya kukatia nyasi.
Nilivikumbuka tulipofika Kiandra,
kilomita tisini nyuma yetu,
shangazi Thelma kavua viatu, nyayo juu ya dashibodi,
anamenya chungwa, maganda anayatia kwenye kofia yangu.
Nikanyamaza. Mwenye hatia hupenda mandhari:
nikamwonyesha kangaruu.

Ziwa tulikuwa tumeshalipita.
Pale alinyoosha kisu kuelekea majini:
"Chini ya ile boti ya wavua trauti
ndipo jikoni kwetu. Ndipo nilipozaliwa."
Alisema kama anayeelekeza duka la mikate.
Bwawa lilipokuja, nyumba yao ilipakiwa kwenye lori, nzima,
mama yake akakataa kutoa sahani kabatini,
na ikavunjika moja tu,
nayo, asema, ilikuwa na ufa tangu harusi.

Tukaacha gari penye lango la chuma.
Yeye ana miaka sabini na tisa
na fimbo mbili za kutelezea thelujini, za mwaka gani sijui;
mimi nina arobaini na goti la fundi vigae.
Pange walitupokea. Pange wa Januari hawana salamu,
huanza na nyama.
Thelma aliwapiga kwa skafu akiwaita kwa majina,
na polepole nikagundua ni majina
ya wanaume aliofanya nao kazi posta.

Mteremko, kijito, mteremko tena.
Mikaratusi ya theluji iliungua mwaka ule wa moto mkubwa;
vigogo vimesimama vikavu, rangi ya majivu na maziwa,
lakini shinani kila kimoja kimejifunga
sketi ya majani mabichi, fupi, bila haya.
"Watazame vibibi hawa," akasema,
asipunguze hatua.
Yeye hakuchoka. Mimi nilichoka,
nikasingizia kamba ya kiatu, mara tatu.

Kibanda kilikuwa pale pale, mabati na misumari,
daftari la wageni likining'inia kwa uzi wa mkonge.
Mtu aitwaye Jarrah Pettifer aliandika juzi:
"Kuni kavu zipo. Panya pia."
Sheria ya huku haikubandikwa ukutani, na kila mtu anaijua:
kuni unazozikuta, choma;
unazoziacha ni za yule atakayefika usiku, kalowa chepechepe,
asiyejua hata jina lako.

Hapo ndipo nikalazimika kukiri.
Thelma akanitazama. Akalitazama hema.
Hakucheka, hakugomba,
akamwaga mfuko wa vyombo nyasini:
uma nne, kijiko, bisibisi ya gari.
Hema likasimama kama karamu iliyokosa wageni.
Maharage tukayala kwa kijiko kilichobaki,
zamu kwa zamu,
yeye akihesabu zamu zangu.

Usiku baridi ilipanda kutoka chini, kupitia godoro,
ikachagua goti.
"Huwa unaiota?" nikamuuliza gizani.
Kimya kirefu. Nikadhani kalala.
"Nyumba? Hapana. Nyumba ilihama nasi.
Naota lango la banda la kuku.
Lile hakuna aliyelikumbuka."

Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Januari, ndiyo.
Nikang'oa uma tatu. Ya nne ikagoma:
uma imeuma mzizi, haiachi.
Nikavuta hadi nikaanguka kitako.
"Iache," akasema Thelma, yuko mlangoni pa kibanda,
anapanga kuni tulizookota, nene chini, nyembamba juu.
"Na wewe uache kitu mahali."

Turudipo, kando ya ziwa, akasema: "Punguza mwendo."
Hakusema simama.
Akayatazama maji
kama mtu aliyekwisha kufunga mlango
anayerudi hatua mbili kuhakikisha jiko limezimwa.
Kisha akaichukua kofia yangu magotini
na kuanza chungwa jingine.